Euro 1,000 kwa mwezi Bulgaria
Inatosha kwa mtu mmoja, ila inategemea unakaa mji gani. Sofia, mji mkuu, chumba na sebule karibu na metro andaa kama euro 500 mpaka 700, hapo bado deposit ya mwezi mmoja na hela ya dalali kwahiyo mwezi wa kwanza ndo unauma kwelikweli. Ukienda Ruse au Veliko Tarnovo kodi ya nyumba inashuka sana na unabaki na hela ya kula vizuri, banitsa (kitafunwa cha unga chenye jibini) ya asubuhi na mtindi wake hata euro 5 haifiki. Mi nakaa huku, naongea vitu navyolipia. Angalia tu winter, nyumba za zamani zinazopashwa joto kwa mabomba ya maji ya moto ya mji mzima bili ya Januari inakutoa jasho na baridi yote ile, so omba bili za mwaka jana kabla hujasaini. Na ukikuta tangazo lina bei kwa leva tu, hela yao ya zamani, ujue ni la zamani, tangu Januari 2026 wanatumia euro, gawanya kwa 1.95583 upate euro.