Mnaoanza kazi ya kuhamasisha afya, msomeni kwanza Arthur Ashe

Kila kundi jipya linalojiunga na kazi hii huja na wazo lile lile: tutafute mtu maarufu. Sina ugomvi nalo. Ila kabla hamjamwandikia barua bingwa yeyote aliyestaafu, someni habari za Arthur Ashe.

Ni mcheza tenisi Mmarekani mweusi aliyetwaa US Open mwaka 1968, Australian Open 1970 na Wimbledon 1975. Julai 1979, akiwa na miaka 36, alipata mshtuko wa moyo, akapasuliwa mwaka huo huo, na mwaka uliofuata akastaafu tenisi. Baadaye aliongoza kampeni ya kitaifa ya American Heart Association, chama cha Marekani cha kupambana na magonjwa ya moyo. Alikuwa mwembamba na mtu wa mazoezi, lakini baba yake naye aliugua moyo. Kwa hiyo habari zake hazimwachi msikilizaji na “fanya mazoezi” tu. Zinamfanya ajiulize, kwetu nani aliugua moyo? Miaka yangu ya mwanzo niliwapandisha jukwaani wanamichezo waje wasifu mazoezi, na waliojitokeza kupima shinikizo la damu walikuwa vijana wenye afya zao. Wenye hatari walikaa nyumbani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1988 Ashe aligundua kwamba ana VVU, na iliaminika ameambukizwa kwa damu aliyoongezewa baada ya upasuaji wake wa pili wa moyo, wa 1983. Alinyamaza, akamlinda binti yake mdogo. Aprili 1992 gazeti lilimpigia simu kutaka kuthibitisha, ikabidi ajitangaze mwenyewe. Hakuficha kwamba ameumizwa. Kisha akaingia kazini: akaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, na tarehe 1 Desemba mwaka huo akazungumza Umoja wa Mataifa. Watu huyatazama matunda hayo wakasahau namna siri ilivyomtoka.

Mimi nilisahau. Nilimbembeleza mama mmoja asimulie ugonjwa wake hadharani. Alikubali kwa kunionea haya, na wanawe wakaisikia habari hiyo pale pale ukumbini. Siku hizi ridhaa naiomba mara tatu, siku tofauti, na mara moja lazima iombwe na mtu asiyehusika na mkutano. Akisitasita, hiyo ni hapana.

Desemba 1992 Ashe alianzisha taasisi ya afya ya mijini huko Brooklyn, New York. Tarehe 6 Februari 1993 akafariki. Miezi miwili! Hata hivyo taasisi haikufa naye, kwa sababu haikuegemea uso wake. Iliwafuata watu kwenye vinyozi na saluni za Brooklyn, ikawafundisha vinyozi na wasusi kuzungumza na wateja wao kuhusu moyo, shinikizo la damu na saratani ya matiti. Mteja anarudi kila baada ya wiki chache, anakaa muda mrefu, na anamwamini aliyeshika wembe kuliko anavyotuamini sisi wenye fulana za kampeni.

Basi mkipata saluni itakayowakubali, wiki ya kwanza msigawe karatasi yoyote. Kaeni kwenye benchi na wanaosubiri zamu, msikilize wanaulizana nini kuhusu miili yao, na kwa maneno gani. Mafunzo ya kinyozi yaanzie kwenye maneno hayo.