Ipime njia ya kurudi: kwa fundi anayeanza kazi kwenye vituo vya kubadilishana intaneti

Kijana anayeajiriwa leo na mtoa huduma za intaneti hapa Tanzania huvikuta vituo vya kubadilishana mawasiliano vikiwa tayari vipo, wala haoni ajabu yoyote. Kipo cha Dar es Salaam, TIX, kinachosimamiwa na chama cha watoa huduma, TISPA. Kipo cha Arusha. Na vipo vilivyofuata katika miji kama Mwanza na Dodoma. Kwa kuwa vinatajwa pamoja, mgeni huvidhania kuwa mtambo mmoja mrefu, ambamo ukishachomeka waya Mwanza umefika Dar es Salaam. Hilo ndilo kosa la kwanza ninalolisahihisha kwa kila anayeingia zamu yetu. Kituo, kwa asili yake, ni swichi iliyo katika mji mmoja ambamo mitandao iliyofika hapo hupeana data moja kwa moja badala ya kuipeleka ng'ambo na kuirudisha. Brazili ina vituo katika miji zaidi ya 30 chini ya mpango mmoja wa IX.br, na bado kila mji husimama peke yake, kwani kituo kikianza kusafirisha data kati ya mji na mji kitakuwa kinawanyang'anya biashara wanachama wale wale wanaokiendesha. Basi kabla ya kumwahidi mteja wa Mwanza lolote, uliza data yake itasafiri kwa njia ya nani na nani anailipia.

Nawashauri pia msome yaliyowapata majirani zetu wa Kenya, maana pale ndipo utaelewa kwa nini mkuu wako wa kazi anakuhimiza uhudhurie vikao ambavyo havina hata ruta moja (kifaa kinachoelekeza data) ya kugusa. Kituo cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na haki ya ukiritimba, ililalamika, na kabla ya wiki mbili kuisha mdhibiti aliamuru kifungwe kwa kuwa hakikuwa na leseni. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa maombi na maelezo. Ufundi haukuwa na dosari. Kilichopungua kilikuwa ridhaa. Baadaye uchunguzi wa Internet Society, shirika la kimataifa la kukuza intaneti, ulionyesha kwamba data ya ndani ya nchi iliyokuwa ikichelewa milisekunde 200 hadi 600 sasa ilifika kwa milisekunde 2 hadi 10, na kwamba sehemu ya data inayopatikana ndani ya nchi ilipanda kutoka asilimia 30 hivi mwaka 2012 hadi 70 hivi mwaka 2020. Usidhani ongezeko hilo lililetwa na Wakenya kuandikiana barua pepe. Kwa sehemu kubwa lilitokana na kampuni kubwa za maudhui kuleta seva zao za akiba, zinazohifadhi nakala za maudhui, karibu na watumiaji.

Sasa nieleze lililonifundisha zaidi, nalo ni kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini, mteja mmoja mwenye ofisi mbili hapa mjini, moja ikihudumiwa na sisi na nyingine na kampuni nyingine, alilalamika kwamba mikutano yake ya video inakatika-katika. Nilipima njia kutoka kwetu nikaona hatua nne tu, yaani ruta nne za njiani, zote zikipitia kituo cha hapa hapa, lakini jibu lilichukua milisekunde 174. Nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba wenzetu wameelemewa na tatizo si letu, kisha nikaenda kunywa chai. Sikujua bado kwamba kipimo kile huonyesha hatua za kwenda peke yake, ilhali muda kinaoutaja ni wa kwenda na kurudi.

Fundi wa upande wa pili, ambaye kwa bahati nilikuwa na namba yake ya simu, alipima kutoka kwake, na njia yake ilipitia London. Kule kituoni tulikuwa tumetangaza anwani zetu, yaani kuziarifu ruta za wengine kwamba zinapatikana kwetu, kama fungu moja la /22 (namba hiyo ikikua, fungu hupungua), lakini kwa watoa huduma wetu wa ng'ambo tulikuwa tumelikata katika mafungu manne ya /24 ili kugawa mzigo kati ya mikongo miwili. Ruta hufuata fungu dogo zaidi, hata kama njia yake inazunguka nusu ya dunia. Ndiyo maana data yetu ilikwenda kwa mguu na kurudi kwa ndege. Tulipotangaza mafungu yale yale manne kituoni pia, muda ulishuka hadi milisekunde 3, na kazi yote ilichukua dakika kumi. Tangu siku hiyo sifungi malalamiko ya aina hiyo kabla ya kupata kipimo kilichofanywa kutoka upande wa pili.

Mengine utayakuta kwenye mwongozo wa kituo chochote, nami nitayapitia haraka. Tangaza anwani zako na za wateja wako tu, kamwe usitangaze njia ulizopokea kutoka kwa mtoa huduma wako wa juu, na anwani zako uziwekee saini za uthibitisho kupitia AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika. Weka kikomo cha idadi ya njia utakazopokea kutoka kwa kila mwanachama, ili mwenzako akikosea usiku wa manane ruta yako ikate uhusiano badala ya kumeza kosa lake.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, wengi wetu tuligundua kwamba tovuti inaweza kuwa kwenye seva ya Dar es Salaam na isifunguke, kwa kuwa jina lake linatafsiriwa kuwa namba ya anwani na seva iliyo nje ya nchi. Kwa hiyo, mkipata usiku wa matengenezo, ombeni ruhusa ya kuzima njia zote za nje kwa nusu saa kwenye mtandao wa majaribio, kisha mwandike ni nini kinachobaki hai. Tulipofanya hivyo kwetu mara ya kwanza, tovuti ya mteja mmoja ilijibu upesi, lakini ukurasa wa kuingia uliganda ukiwa mweupe: aina ya herufi zake ilikuwa ikichukuliwa Marekani, na hata aliyeutengeneza hakuwa na habari.