Maswali ya Wasomaji: Majira ya Kanisa na Daftari la Darasa

Barua za safari hii zimetoka kwa waumini wa Kanisa la Methodisti walio katika hali mbalimbali: mgeni aliyejiunga karibuni, kiongozi wa darasa (kikundi kidogo cha waumini kinachokutana kila juma) aliyechoka, mzee anayetaka kujua chimbuko la kesha, muumini anayependa kuimba, na msimamizi wa kanisa dogo lisilo na mchungaji wa kila Jumapili. Nimezijibu kama mtu aliyelelewa katika darasa la Kimethodisti na ambaye hadi leo jina lake limo katika daftari la darasa, kwa hiyo msomaji asishangae akiona narudi kwenye daftari hilo mara kwa mara.

SWALI: Nilijiunga na Kanisa la Methodisti baada ya kuolewa. Jumapili ya kwanza ya mwaka huu nilihudhuria Ibada ya Agano kwa mara ya kwanza. Tulipofika kwenye maneno ya kumwambia Mungu anipe kazi au aniweke kando, anijaze au aniache mtupu, ulimi ulinikwama nikanyamaza wakati wenzangu wote wakiendelea. Je, nilikosea? Na kwa nini agano hilohilo lirudiwe kila mwaka, kana kwamba la mwaka jana limekwisha muda wake?

JIBU: Dada yangu, hukukosea. Kunyamaza mbele ya maneno mazito kwa sababu umeyaelewa ni heshima kubwa kuliko kuyatamka haraka ili uende sambamba na wenzako. Ninalosikitikia ni kwamba uliyaona maneno hayo kwa mara ya kwanza palepale ibadani, jambo ambalo John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, hakulitaka.

Tazama alivyofanya yeye. Mwezi Agosti mwaka 1755, jijini London, aliwatajia watu wake wazo la kufanya agano la kumtumikia Mungu kwa moyo wote, kisha akalieleza asubuhi baada ya asubuhi kwa siku kadhaa. Ijumaa yake wengi walifunga. Jumatatu tarehe 11 walikusanyika katika kanisa la Wafaransa lililokuwa Spitalfields. Akawaeleza tena agano hilo ni nini, akawasomea maneno yake, ambayo aliyachukua kutoka kwa Richard Alleine, mmoja wa Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa lao, wa karne ya 17, na ndipo watu wapatao 1,800 waliposimama kuonyesha kwamba wamekubali. Ibada hiyo baadaye ilizoeleka mwanzoni mwa mwaka, na maneno yake yamefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, lakini mpangilio wa awali haukupaswa kusahaulika: kuelezwa, kutafakari, kufunga, kisha kusimama. Sisi siku hizi mara nyingi tunaanza na kusimama.

Kwa hiyo nakushauri umwendee kiongozi wa darasa lako mapema, tuseme katika Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, umwombe nakala ya sala hiyo. Isome nyumbani kwa utulivu. Weka alama pale ulimi unapokwama, kisha pazungumzie katika mkutano wa darasa. Utagundua kwamba kila mmoja ana sentensi yake inayomkwama, na kwamba haibaki ileile mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Agano halirudiwi kwa sababu limekwisha nguvu. Anayelitamka ndiye anayekuwa amebadilika. Niliwahi kufuatana na mchungaji kumpelekea Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, mama mmoja mzee, aliyefundisha Shule ya Jumapili kwa miaka mingi kabla ya miguu kumwishia nguvu. Wiki ileile kanisa lilikuwa limefanya Ibada ya Agano, naye akaomba tuisome sala hiyo pamoja naye kitandani. Alikuwa anaijua kwa moyo, wala hakutazama karatasi. Tulipofika kwenye maneno ya kutumiwa kazini au kuwekwa kando kwa ajili ya Mungu alinyamaza, akaukunja ncha ya shuka kati ya vidole vyake, akaukunjua, kisha akayasema peke yake polepole huku sisi tukimngoja. Maneno hayo alikuwa ameyatamka akiwa na watoto wengi wa kufundisha, na sasa alikuwa anayatamka akiwa hana kazi hata moja. Sidhani kuna mtu aliyekuwepo chumbani mle aliyeona kwamba alikuwa anarudia jambo la zamani.

Mwakani, ikiwa ulimi utakukwama tena, nyamaza tena. Ukiweza kutamka nusu, tamka nusu. Kisha njoo mezani pamoja na wengine, kwa maana ibada hiyo kwa kawaida huishia kwenye Meza ya Bwana, na mezani hatuji kwa sababu tumekwisha kuwa wakamilifu.

SWALI: Mimi ni kiongozi wa darasa lenye majina 14, lakini katika mkutano wetu wa kila juma huja watu watano tu. Ikifika Krismasi au Pasaka, wale tisa wote huonekana kanisani wakiwa wamevaa vizuri, wananisalimu kwa furaha, halafu hupotea hadi sikukuu nyingine. Nimewatumia ujumbe wa simu mara nyingi bila mafanikio. Je, niwaondoe kwenye orodha?

JIBU: La hasha, ndugu yangu, usifute hata jina moja. Ngoja nikukumbushe jinsi kazi yako hii ilivyoanza, kwa sababu nadhani hapo ndipo ilipo dawa.

Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Nahodha mmoja aitwaye Foy alipendekeza kwamba kila mwanachama atoe peni moja kwa juma. Akajibiwa kwamba wapo maskini wasioweza hata hiyo peni. Basi, akasema, nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawatembelea kila juma. Atakayeweza kutoa atatoa, na asiyeweza nitamlipia mimi. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Katika kuzunguka nyumba kwa nyumba, viongozi hao wakaanza kuona mambo ambayo mchungaji asingeyaona akiwa mimbarani: hapa mume na mke hawasemezani, pale mtu amerudia ulevi, kwingine kuna mgonjwa asiyetajwa na yeyote. Wesley alipopata taarifa hizo alitambua kwamba hilo ndilo jambo alilokuwa akilitafuta muda mrefu. Ni baadaye tu, kuzunguka kulipokuwa kugumu, ndipo ikaamuliwa kwamba watu wa darasa wakutane mahali pamoja.

Angalia mfuatano huo. Kutembelewa kulitangulia mkutano. Sisi tumeurithi mkutano, tukaiacha safari ya nyumbani, kisha tunashangaa kwa nini viti ni vitupu. Ujumbe wa simu ni chombo kizuri cha kubadilisha saa ya kikao, lakini mtu hawezi kukuonyesha katika ujumbe kwamba amekonda.

Kiongozi wa darasa langu nilipokuwa kijana alikuwa na daftari dogo ambalo jalada lake lilikuwa limeachia, akalishona upya kwa uzi mweusi. Siku moja alikwenda kufungua mlango, akaliacha wazi mezani, nikachungulia jina langu. Sikuona alama ya kuhudhuria wala hesabu ya michango. Palikuwa na maneno mawili kwa kalamu ya risasi: "Mtihani, Alhamisi." Alhamisi jioni alibisha hodi kwetu akauliza ulikwendaje, akanywa maji, akaondoka. Sikukosa mkutano wa darasa kwa muda mrefu baada ya hapo, ingawa mtihani wenyewe nilikuwa nimeufanya vibaya.

Una watu tisa wa kuwafuata, na Majilio yana Jumapili nne. Nyumba mbili au tatu kwa juma, nao wote watakuwa wamefikiwa kabla ya Krismasi. Usiende na bahasha ya michango, wala usianze kwa kuuliza kwa nini hawaji. Uliza habari zao, sikiliza, omba nao kwa kifupi, uondoke. Ukirudi nyumbani, andika neno moja au mawili mbele ya kila jina, na neno hilo ndilo litakalokupa sababu ya kurudi. Hata wasipofika darasani mwezi huo, watakapokuja Krismasi wamevaa vizuri utakuwa unajua ni nani amefiwa na nani amepoteza kazi, na salamu zenu mlangoni hazitakuwa za sikukuu tu.

SWALI: Wajukuu wangu wanasema kesha la kuupokea mwaka mpya tumeliiga kwa makanisa mengine, kwamba si mapokeo ya Wamethodisti. Ukweli ni upi?

JIBU: Mzee wangu, waambie wajukuu kwamba mapokeo haya ni yao kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1740, wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, ambao awali waliziteketeza usiku zao vilabuni, walianza baada ya kuokoka kukutana usiku kwa sala na nyimbo. Wesley alishauriwa azuie jambo hilo. Yeye alilipima, akaona ni desturi inayofanana na mikesha ya Wakristo wa kale, akajiunga nayo. Kesha lilifanyika mara moja kwa mwezi, Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, ili watu warudi makwao kukiwa na mwanga. Hatimaye likazoeleka zaidi usiku wa mwisho wa mwaka. Ningependa vijana wetu wajue hasa kwamba halikubuniwa na wachungaji. Lilitoka kwa wafanyakazi waliotaka kuzirudishia usiku zao thamani.

SWALI: Siku ya mavuno na siku ya Pasaka kwaya yetu huimba vizuri sana, lakini ibada nzima inakuwa yao. Sisi wengine tunakaa na kupiga makofi. Je, ni vibaya kulalamika?

JIBU: Si vibaya, ilmradi umweleze mwalimu wa kwaya kwa upole na si baada ya ibada akiwa amechoka. Kuimba kwa watu wote ni sehemu ya uhai wa Wamethodisti. Charles Wesley, mdogo wake John, alitunga zaidi ya nyimbo 6,000, na nyingi zilikusudiwa kuimbwa na kusanyiko zima, si kusikilizwa. Mwaka 1761 John alichapisha maelekezo ya uimbaji: watu wote waimbe, waimbe kwa nguvu na si kama waliosinzia, lakini wakati huohuo waimbe kwa kiasi, asitokee mtu wa kupaza sauti ili asikike juu ya wengine, waende pamoja bila kukimbia wala kuvuta, na juu ya yote wawe na Mungu mawazoni katika kila neno. Naliona lile la kiasi kuwa gumu kuliko yote, kwa kwaya na kwetu sisi tulio vitini. Mwombeni mwalimu wa kwaya achague nyimbo mbili za mavuno, kwaya iziongoze kutoka katikati ya watu badala ya mbele, na azifundishe kusanyiko Jumapili mbili kabla. Kwaya ibaki na wimbo wake mmoja maalumu. Inastahili.

SWALI: Kanisa letu ni dogo na mchungaji anahudumia makanisa mengine kadhaa katika sakiti, yaani kundi letu la makanisa ya jirani. Mwaka huu hataweza kuwa nasi Alhamisi Kuu. Je, tufunge kanisa usiku huo? Mimi ni msimamizi tu.

JIBU: Ondoa hilo neno "tu", kisha usifunge kanisa. Sakiti iliundwa kwa kutambua kwamba mchungaji mmoja hawezi kuwa kila mahali, na ndiyo maana ratiba ya mahubiri ya robo mwaka hujaa majina ya wahubiri walei, waumini wasio wachungaji. Wesley mwenyewe aliposikia kwamba Thomas Maxfield, mtu asiyewekewa mikono kuwa mchungaji, ameanza kuhubiri, alirudi London kwa haraka akikusudia kumzuia. Mama yake, Susanna, akamsihi amsikilize kwanza. Alimsikiliza, akamwacha ahubiri.

Meza ya Bwana mtaingoja hadi mchungaji atakapofika, kwa kuwa huo ndio utaratibu. Lakini kuna karamu ya upendo, ambayo Wesley aliijua kutoka kwa Wamoravia, Wakristo wa kanisa jingine la Kiprotestanti, na ambayo Wamethodisti wa mwanzo waliipenda mno. Si sakramenti, hivyo mlei anaweza kuiongoza. Chakula chake ni mkate wa kawaida na maji, na zamani maji yalipitishwa katika kikombe kikubwa chenye mikono miwili ili kila mmoja ampokeze jirani yake. Kati ya mkate na maji husomwa neno, huimbwa wimbo, na watu husimulia Mungu aliyowatendea. Inafaa sana usiku wa Alhamisi Kuu, mradi utangaze wazi kwamba hii siyo Meza ya Bwana, asije mtu akachanganyikiwa.

Mwarifu mchungaji kabla ya kutangaza. Pangeni viti kwa duara na mpeane mkate kwa mkono badala ya kila mtu kujichukulia kwenye sinia. Ushuhuda usizidi dakika tatu, na wa kwanza utolewe na mtu uliyezungumza naye mapema, kwa sababu wa kwanza akizungumza kwa dakika 20 wa mwisho hatasema kitu. Wagonjwa wasioweza kufika wapelekewe mkate wao usiku uleule, na watu wa madarasa yao, wawili wawili.