Re: Riwaya yangu ya Kilwa niiweke mwaka gani?
Mkuu hapo umechanganya madesa, unataka Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, ashuke bandarini huku Wareno wanapiga mizinga, haiwezekani bana, jamaa kapita Kilwa 1331 na Wareno wameiteka 1505, hapo katikati ni miaka 174. Mi ningekuwa wewe ningebaki na 1331, sultani ni Hasan bin Sulaiman, dhahabu inatoka Sofala, bandari ya kusini huko Msumbiji, na sokoni kuna sarafu ndogo za shaba zenye jina la sultani, Kilwa walikuwa wanapiga za kwao wenyewe, hiyo ni tamu sana kuandika. Ila ule ugali wa mahindi wa sura ya pili toa, mahindi yamekuja baadaye kabisa kutoka Amerika, weka mtama au wali kwa samaki. Na pilipili mbuzi futa pia, nayo asili yake ni Amerika.