Mgeni Wako Akichoka na Mall za Ohio, Mpeleke Yellow Springs

Wazazi wetu wakija Ohio kwa viza ya matembezi, ratiba huwa ileile: Walmart, mall, kanisani au msikitini, kwa ndugu wa Columbus kula pilau, kisha kurudi kukaa sebuleni na rimoti ya televisheni wasiyoielewa. Mwezi haujaisha mzee ameanza kuulizia tarehe ya tiketi. Mimi naishi Dayton, na dawa yangu ya hali hiyo ni kijiji kilicho mashariki yetu, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Kinaitwa Yellow Springs. Nimempeleka mama yangu, nimewapeleka wajomba, nimewapeleka rafiki zangu wa Nairobi na Lubumbashi, na malalamiko pekee niliyowahi kusikia ni bei ya kahawa.

Ni kijiji kisheria kabisa, maana kwa Ohio makazi yasiyofika watu 5,000 hayahesabiwi kuwa mji, na hapa hata 4,000 hawafiki. Mgeni wako asitegemee migomba na kuku barabarani. Kuna mtaa mmoja mkubwa, Xenia Avenue, ambao ndio barabara kuu namba 68 inayopita katikati, na pembeni yake maduka ya vitabu vilivyotumika, vyungu, mapambo ya fedha, migahawa, na sinema moja, Little Art Theatre, iliyoanza mwaka 1929. Ukitembea kwa mguu bila haraka unamaliza mapema. Anayekuja kwa ajili ya maduka peke yake atakuuliza, "Ndiyo hapa tu?"

Kwa hiyo chagua siku vizuri. Jumamosi za Oktoba, majani yanapobadilika rangi, nusu ya Ohio imehamia pale na hupati pa kupaki. Mara mbili kwa mwaka, Juni na Oktoba, hufungwa barabara kwa ajili ya maonyesho ya mtaani. Vijana wanayapenda sana, lakini mzee mwenye magoti mabovu utakuwa unamtesa. Mwanzoni mwa wiki nako baadhi ya maduka huwa yamefungwa. Mimi huenda Alhamisi asubuhi. Watu wana nafasi ya kuzungumza, na watu wa pale wanapenda mazungumzo kweli. Ukikaa kwenye benchi na mama aliyejifunga khanga, usishangae kuulizwa mmetoka wapi, na maandishi ya khanga yanasemaje.

Anzieni msituni kabla ya maduka. Hifadhi ya Glen Helen ina ukubwa wa ekari 1,000 hivi na imepakana na kijiji chenyewe. Mwaka 1929 tajiri aitwaye Hugh Taylor Birch aliipa Antioch College, chuo cha pale kijijini, msitu huo kwa kumbukumbu ya binti yake Helen. Ndani yake ndiko iliko chemchemi iliyokipa kijiji jina. Maji yake yana madini ya chuma, na kila yanapopita yameacha jiwe lina rangi ya machungwa iliyokolea, kama kutu. Mama aliinama akapitisha kidole, akakitazama, akakinusa, akasema, "Haya maji yamelala kwenye bati." Kisha akasimama pale muda mrefu kuliko pengine popote nilipompeleka Marekani, pamoja na Niagara.

Kuteremka kunapita ngazi za mawe, na ngazi za kushuka ni za kupanda pia, kwa hiyo msiende mbali msikoweza kurudi. Kupaki kunalipiwa. Vaeni suruali ndefu na soksi, maana kupe wa huku wana maradhi yao, na waonye watoto wasishike mmea wenye majani matatu matatu kwenye shina moja: ule ndio upupu wa Wamarekani, ila wenyewe humchukua mtu siku nyingi kupona. Kuna pia kituo cha kutibu ndege wawindaji walioumia, tai, mwewe na bundi. Hapo tahadhari kidogo. Mjomba wangu mmoja alipoona nakwenda kumtazama bundi kwa hiari yangu, alibaki kwenye gari.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nirudi. Mwulizeni yeyote habari za Wheeling Gaunt. Huyu alizaliwa mtumwa Kentucky, akadunduliza senti kwa vibarua hadi akajinunua mwenyewe kwa dola 900, kisha akamnunua mke wake, Amanda. Miaka ya 1860 walihamia Yellow Springs, akanunua ardhi na nyumba, akawa mtu mwenye uwezo. Mwaka 1894, mwaka uleule aliofariki, aliachia kijiji ekari tisa za ardhi kwa sharti moja: pesa za kukodisha ardhi hiyo ziwanunulie unga wajane maskini kila Krismasi. Ardhi ile leo ni Gaunt Park, kuna bwawa la kuogelea na viwanja vya besiboli. Na unga bado unagawiwa kila Desemba. Siku hizi wameongeza na sukari.

Mama yangu ni mjane. Nilipomsimulia haya alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Mwanangu, unga wa ngano au sembe?" Nikamwambia ngano. "Basi wa chapati," akasema. "Huyo mzee alikuwa na akili. Mjane watu wanamkumbuka mpaka arobaini tu." Halafu akataka kujua kama na yeye, akiwa kijijini Desemba, jina lake linaweza kuandikwa. Alikuwa anatania, lakini nadhani si sana.

Swali ninaloulizwa na wenzangu kabla hawajaenda ni jingine: sisi weusi tutapokelewaje? Jibu langu ni kwamba mtapokelewa vizuri, kuliko vijiji vingi vya jirani nisivyotaka kuvitaja. Lakini msidanganyike na mabango ya upendo kwenye madirisha mkadhani palikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Mwaka 1964 kinyozi mmoja wa pale alikuwa bado anakataa kunyoa watu weusi. Machi mwaka huo wanafunzi wa Antioch na wa vyuo viwili vya weusi vya jirani waliketi barabarani mbele ya duka lake, polisi wakaja na mabomu ya machozi, wakakamatwa watu zaidi ya 100. Kinyozi akafunga duka. Na siku hizi nyumba zimepanda bei mno, familia nyingi nyeusi za zamani zimehama. Kikundi cha pale kijijini, The 365 Project, huandaa matembezi ya kuongozwa yanayoeleza historia hii. Mkibahatika kukuta siku yao, achaneni na maduka mwafuate.

Antioch wenyewe pitieni hata kwa nusu saa. Chuo kilianzishwa mwaka 1850, rais wake wa kwanza akiwa Horace Mann, mpigania elimu ya umma. Coretta Scott, ambaye baadaye aliolewa na Martin Luther King, alihitimu hapo mwaka 1951, na King mwenyewe alikuja kuhutubia mahafali ya mwaka 1965. Chuo kilifungwa mwaka 2008, kikafunguliwa tena 2011, na sasa ni kidogo sana. Kwa hiyo utakuta majengo makubwa ya matofali na nyasi nyingi kuliko wanafunzi.

Dave Chappelle, yule mchekeshaji maarufu? Ndiyo, anaishi huko. Baba yake alikuwa akifundisha Antioch, na kiangazi cha 2020, korona ikiwa imepamba moto, Dave mwenyewe alifanya maonyesho ya nje huko huko mashambani. Mkimwona, mwacheni anywe kahawa yake. Wenyeji hawamsumbui, na mgeni anayemkimbilia na simu huonekana hana adabu.

Kuhusu chakula na pesa, mambo ni machache. Mwelezeni mzee mapema kwamba bei iliyoandikwa si bei mtakayolipa, kuna kodi juu yake, na mhudumu wa mgahawani anategemea asilimia 15 hadi 20 ya ziada. Nimeona baba wa watu akigombana na risiti. Aiskrimu msile katikati ya kijiji. Endeleeni kaskazini kidogo kwa barabara hiyo hiyo ya 68 mpaka Young's Jersey Dairy, shamba ambalo familia moja imelishika tangu mwaka 1869. Kuna mbuzi wa kulishwa, kuna gofu ndogo ya watoto, na aiskrimu yenyewe inatoka kwa watu wanaofuga ng'ombe na si kwenye ndoo ya kiwandani. Mama aliwatazama mbuzi akasema wamenenepa kuliko mbuzi wanavyopaswa.

Dereva naye ana neno lake. Bila gari hufiki. Ukiingia kijijini mwendo unashuka ghafla hadi maili 25 kwa saa, na askari wanaujua udhaifu wetu. Jioni punguza zaidi, swala wanavuka barabara bila kuaga. Mwenye baiskeli ana bahati zaidi: njia ya Little Miami, iliyotandikwa juu ya reli ya zamani, inapita katikati ya kijiji, na jengo lililojengwa kwa mfano wa stesheni ya treni lina vyoo safi vya umma. Kwa anayetembea na wazee na watoto, hiyo ni habari kubwa kuliko chemchemi.

Mkibakiwa na muda, kuna njia mbili. Desemba nendeni Clifton, kilomita chache mashariki, kwenye kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu za maji cha mwaka 1802. Tangu 1988 hupambwa kwa taa za Krismasi, siku hizi zinafika mamilioni, na huwashwa zote kwa mpigo saa kumi na mbili jioni. Fikeni kabla.

Miezi mingine mimi hushuka kusini hadi Wilberforce, na hapa nawaomba hasa wenye wageni kutoka nyumbani. Chuo Kikuu cha Wilberforce, ambacho Gaunt alikiachia mali yake nyingine, kilianzishwa mwaka 1856. Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alipata shahada yake hapo mwaka 1901, na Hastings Kamuzu Banda, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Malawi, alimaliza sekondari hapo mwaka 1928. Jirani yake kuna makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa mwaka 1988. Hayafunguliwi kila siku, kwa hiyo pigeni simu kabla hamjatoka nyumbani.