Sauti ya televizyo haisikike: je, spika janja itasaidia?

Jambo Yaya. Niko Katuba. Televizyo yetu ni mpya, nyembamba, picha safi kabisa, lakini sauti njo shida. Mutu anasoma habari hatusikie kitu, tunapandisha mpaka 60, publisite ikiingia nyumba yote inaruka. Mvua ikianza ku mabati tunaangalia picha tu. Shemeji wa Ubelgiji alituachia Amazon Echo Dot, spika janja ndogo ya kuongea nayo, kijana wangu akasema tuiunge na televizyo. Kwa Bluetooth tulijaribu siku ya mechi ya Mazembe: mchezaji anapiga mpira, mlio unakuja nyuma. Tukachukua waya, tukaingiza mu kile kitundu cha Echo, kimya. Spika imekufa ao tunakosea wapi?

Baba, spika yako haijafa, usiitupe. Kile kitundu cha Echo Dot ni cha kutoa sauti, si cha kupokea. Amazon walikiweka ili Dot, ambayo ni ndogo, uiunge na bafle kubwa ikiwa unazo, na wewe ukaleta waya kutoka televizyo, nayo pia inatoa, basi wote wawili wanatoa na hakuna anayepokea. Kwa macho kitundu ni kilekile cha milimita 3.5, huwezi kujua, na wengi sana wamenaswa hapo. Dot za toleo la 5, za 2022, hata hicho kitundu hazina. Kati ya zenye kupokea kuna Echo kubwa ya toleo la 4, ile ya mviringo ya 2020, ambayo mu aplikasyo ya Alexa (ile sauti inayokujibu ndani ya Echo) unachagua kama kitundu kiingize ao kitoe, na Echo Studio ya 2019 ambayo inapokea waya wa kawaida na hata waya wa mwanga. Nest Audio ya Google haina kitundu cha sauti, HomePod ya Apple vilevile. Kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia spika janja eti kwa ajili ya televizyo, kwanza igeuze, angalia nyuma, ulizia: sauti inaingilia wapi?

Sasa ile ya Bluetooth. Televizyo haipeleki sauti hivihivi, inaibana kwanza, inaituma hewani, spika inaipokea, inaifungua, inaweka akiba kidogo ili isikatikekatike, ndipo inalia. Safari yote hiyo mara nyingi inakula milisekunde 100 mpaka 250. Picha haingojei. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, mu pendekezo lake la 1998 liliandika kwamba mtazamaji anaanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, ao ikichelewa kwa 125 hivi. Tunavumilia zaidi ikichelewa kwa sababu njo vile tulivyozoea: kaa ku stade ya Mazembe pale Kamalondo, upande wa mbali, mtu apige mpira mita 100 kutoka kwako, mlio unakufikia baada ya karibu sekunde 0.3 na wala hushangai. Lakini mu salon uko mita tatu na midomo ya mtangazaji iko mbele yako, hapo kichwa kinakataa.

Na kuna mtego mwingine ambao unaudhi watu wengi. Unafungua menu ya televizyo, unakuta sehemu ya kurekebisha sauti na picha, unasema afadhali, unasukuma namba weee na mambo yanazidi kuharibika. Ni kwa sababu kwa televizyo nyingi ile namba inachelewesha sauti tu, haiwezi kuiharakisha, na yako tayari imechelewa. Ukiikuta iko juu, irudishe kwa sifuri, unaweza kuokoa kidogo. Kwa muziki, kanisa la redioni, nyimbo za YouTube ambazo huangalii midomo ya mtu, Bluetooth ni nzuri tu, furahia. Kwa habari, filamu na mpira, tafuta waya.

Waya upi? Enda nyuma ya televizyo na tochi ya simu. Kama kuna kitundu cha kasiki, yaani za kuweka masikioni, waya wa 3.5 unatoka pale mpaka ku spika yenye kupokea na kazi imekwisha. Televizyo nyingi za sasa wamekiondoa, wameacha kidirisha kidogo cha mraba kinachotoa mwanga mwekundu. Hiyo ni sauti ya mwanga, teknolojia ambayo Toshiba waliileta mu 1983. Hapo unahitaji kakibox kadogo ka kugeuza mwanga kuwa sauti ya waya nyekundu na nyeupe, na mu menu ya sauti uchague PCM (sauti ya kawaida isiyobanwa), usiache Dolby (sauti iliyobanwa), la sivyo kakibox kengi hakaelewe na utasikia kimya ao mikwaruzo. Angalia pia kama moja ya vitundu vya HDMI imeandikwa ARC. Hiyo njia ilikuja na HDMI 1.4 mu 2009 na inarudisha sauti kutoka televizyo kwenda ku bafle ya televizyo, ile ndefu ya kulala chini ya ekrani. Echo na Nest Audio hazina HDMI, usipoteze feza kutafuta adaptari.

Kuna watu watakuambia «mbona kwa jirani spika janja inafanya kazi na televizyo bila waya na haichelewi?» Ni kweli, lakini uliza ameweka nini katikati. Echo inashirikiana na Fire TV Stick ya Amazon yenyewe, kale kakijiti ka kuchomeka ku televizyo ili uangalie filamu za mtandao, zote mbili ku Wi-Fi moja, zinapatana saa ili sauti na picha ziende pamoja. Ila kinachosikika ku Echo ni kile kinachotoka mu Fire TV tu. Ukihamia ku dekoda, sauti inarudi ku televizyo yako nyembamba. HomePod nayo inaenda na Apple TV 4K, kakibox ka Apple ka kazi hiyohiyo, na kuanzia ile Apple TV ya 2021, ikiungwa ku HDMI ARC, inaweza kuchukua hata sauti ya dekoda. Ni nzuri sana kwa kweli, lakini hesabu bei ya vyote viwili, na kuran ikikatika halafu ikarudi ungoje Wi-Fi iamke kwanza. Sisi wa hapa Lubumbashi tunajua maana yake.

Ukiniuliza mimi, Baba, kabla ya kununua chochote: kama mu nyumba kuna ile shene ya muziki ya zamani, yenye bafle mbili na kitundu cha AUX, ishushe ku kabati, ipanguse vumbi, uunge dekoda moja kwa moja kwa waya mwekundu na mweupe. Itapita spika janja nyingi kwa kazi ya televizyo. Dot yako unaweza kuiunga hapo pia, kwa kile kitundu chake cha kutoa, ikupigie muziki kwa bafle kubwa, njo kazi iliyotengenezewa.

Na usiku huu huu, bila feza: ingia mu menu, Son, tafuta «Voix claire» ao jina linalofanana, washa. Ku dekoda chagua stereo badala ya Dolby ao 5.1 (sauti ya bafle sita), kwa sababu mu filamu za 5.1 maneno ya watu yanawekwa mu bafle ya katikati, na wewe hauna bafle ya katikati, yanazama chini ya muziki. Televizyo nyembamba spika zake ni ndogo na zinatazama chini ao nyuma, kwa hiyo kama iko ndani ya kabati la mbao, itoe mbele mpaka ukingoni. Spika yoyote utakayoweka, usiifiche ku kona: kona inanenepesha besi na maneno yanakuwa mazito. Kwa mvua ya ku mabati, kupandisha sauti haitoshi, sogeza spika karibu na watu. Ukikata umbali nusu unaweza kupata mpaka desibeli 6 zaidi.

Yaya, mama yetu hapa Kampemba masikio yamechoka. Tulimuwekea spika ya Bluetooth karibu na kiti chake na televizyo tukaiacha inalia kwa ajili ya wengine. Anasema sasa ndio hasikii kabisa.

Mama anasema ukweli, msimlazimishe. Televizyo inasema neno, nusu ya muda wa kufumba jicho spika inalirudia, kila neno linapanda juu ya lingine, na sikio lililochoka njo linaloumia zaidi. Chagueni sauti moja. Ao mzime spika za televizyo wote msikie ile ya karibu na mama, ao muwekee waya mrefu kutoka televizyo mpaka ku spika yake, hapo zote mbili zinaweza kulia pamoja bila mwangwi. Sauti yake isiwe na besi nyingi, besi haimsaidii kusikia maneno. Na mumpeleke apimwe masikio, kwa heshima yote, wakati mwingine ni uchafu tu umeziba na unatolewa siku hiyohiyo.

Alexa inasikia Kiswahili? Na ni kweli inatusikiliza wakati wa televizyo? (Msomaji wa Ruashi)

Kiswahili hapana, Alexa na Siri ya Apple zote mbili. Tumia Kifaransa, Alexa inakijua tangu 2018. Kuhusu kusikiliza: maikrofoni inangoja jina lake, na televizyo ikitamka neno linalofanana inaamka yenyewe katikati ya filamu na kuanza kujibu. Juu ya Echo kuna kitufe cha kuzima maikrofoni, ukibonyeza taa nyekundu inawaka, na spika inaendelea kulia kama kawaida. Nest Audio kitufe kiko nyuma, unakisukuma. Hapa nyumbani kwetu televizyo ikiwashwa tunabonyeza, hasa watoto wakiwa mu salon.