Darasa la watoto themanini na vishikwambi viwili

Kama unafundisha sayansi kwenye shule ya kata, na una kishikwambi kimoja au simu moja ya kupangusa mbele ya watoto themanini, naomba nikwambie jambo lililonichukua miaka minne kulijua: usiwaonyeshe video. Wape wapime.

Nilifundisha fizikia na kemia kwa miaka saba wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, nchi ya Wagogo, upande ule ambako ukishaiacha lami unabaki wewe, vumbi na mibuyu. Jengo la maabara tulikuwa nalo. Lilisimama kwa michango ya wananchi wakati wa kampeni ya maabara ya 2014 na 2015, na nawajua wazazi waliouza mbuzi ili lipigwe bati. Ndani mlikuwa na meza za zege, sinki zisizo na maji, na mizani moja. Ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto waliongezeka sana, na nilifurahi kwa moyo wote kuona wasichana waliokuwa wakiishia darasa la saba wakivaa sketi za sekondari. Mizani ilibaki ileile moja.

Kisha mfadhili mmoja akatuletea projekta na video za majaribio. Tulikodi jenereta, tukaziba madirisha kwa makhanga, watoto wakatazama asidi ikimwagwa juu ya chokaa na mapovu yakipanda. Walishangilia. Wiki iliyofuata nikawapa swali kuhusu jaribio hilohilo. Wengi waliandika habari za koti jeupe na miwani ya plastiki ya yule mwalimu wa kwenye video. Nilikaa na zile karatasi usiku kucha. Walikuwa wamemwona mtu mwingine akifanya sayansi, mahali pengine, kwa vifaa vya kwao, na hicho ndicho walichokishika. Ujumbe huo, kwamba sayansi ni ya wengine, mtoto wa Ugogo anaupata kila siku bila msaada wa projekta.

Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu. Wengi wetu tunavitumia kwa maandalio ya somo na WhatsApp. Ndani ya kishikwambi, kama ndani ya simu, mna maikrofoni, kamera, na kihisi kinachojua kimeinamishwa upande gani, na vingine vina kihisi cha mwanga na cha sumaku. Hivyo ni vifaa vya maabara, vimelala mkobani mwako. Ipo programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayokufungulia vihisi hivyo. Ukishaipakua mjini haihitaji bando tena. Niliipakua Jumamosi moja nikiwa Dodoma mjini, nikaiweka pia kwenye kishikwambi cha mwalimu mwenzangu wa hesabu. Jumatatu tukaanza na kasi ya sauti.

Nitakueleza jaribio hili kwa kirefu, kwa sababu ukiliweza hili mengine yatakuja yenyewe.

Ndani ya phyphox kuna saa inayoanza kuhesabu ikisikia mlio mkubwa na kusimama ikisikia mlio wa pili. Weka kishikwambi cha kwanza upande mmoja wa uwanja na cha pili mita 10 kutoka hapo. Pima kwa futi ya fundi, watoto wenyewe wapime, na wapime mara mbili. Mtoto mmoja anasimama kando ya kila kifaa akiwa na vibao viwili vya mbao. Wa kwanza anagonga vibao vyake: saa iliyo karibu naye inaanza papo hapo, ile ya mbali inachelewa kidogo kwa sababu sauti bado iko njiani. Baada ya sekunde mbili tatu wa pili anagonga vyake: sasa saa ya kwake inasimama papo hapo, na ile nyingine ndiyo inayochelewa. Kwa hiyo saa ya kwanza imehesabu muda mrefu kuliko ya pili. Toa moja kwenye nyingine, na utakachobaki nacho ni muda wa sauti kwenda na kurudi, yaani mita 20.

Mara ya kwanza tulishindwa. Saa ilikuwa inaanza kwa kikohozi cha mtu, kwa upepo, kwa jogoo wa mlinzi. Ndani ya programu, ongeza kiwango cha mlio kinachoiamsha saa, na ufanye jaribio asubuhi kabla ya upepo. Anayeijua Dodoma ya Julai na Agosti anajua upepo unaamka saa ngapi. Kisha waombe watoto themanini wanyamaze. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kusikia ukimya kama ule. Hakuna aliyewatisha, kila mmoja alitaka namba itoke.

Ilitoka. Saa ya kwanza ilisoma sekunde 2.431, ya pili 2.373. Tofauti ni 0.058. Gawanya 20 kwa 0.058 unapata kama 345, mita 345 kwa kila sekunde. Tulirudia mara tano, tukatafuta wastani, na msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye tangu Januari sikuwa nimeisikia sauti yake, akanyoosha mkono. Alisema daftari la kaka yake limeandikwa 330, je, sisi tumekosea au kaka yake amekosea?

Hapo ndipo somo lilipoanza. Niliwaambia kwamba hewa yenye joto hupitisha sauti upesi zaidi: kwenye nyuzi sifuri ni mita 331 kwa sekunde, na kwa kila nyuzi moja inayoongezeka unajumlisha kama mita 0.6. Asubuhi ile ilikuwa nyuzi 25. Wakakokotoa wenyewe: 346. Yule msichana akataka turudie saa saba mchana, jua likiwa kali. Tulirudia, tukapata namba kubwa kidogo, lakini upepo ulikuwa umeanza na majibu yalipishana sana. Sikumruhusu mtu yeyote aandike kwamba tumethibitisha. Tuliandika tulichokiona na kilichotusumbua. Mwalimu mwenzangu, hiyo sentensi ya kilichotusumbua usiiache hata siku moja. Mtoto aliyezoea kunakili jibu ubaoni anahitaji kujua kwamba namba halisi huja na tabu yake.

Wiki mbili baadaye mtoto mmoja alikuja na ilimba ya babu yake, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Sikumwagiza. Aliuliza tu kama kishikwambi kinaweza kusikia na hiyo. Programu ileile ina sehemu inayokuambia mlio una mitetemo mingapi kwa sekunde, yaani hezi ngapi, basi tukaanza kupiga chuma kimoja kimoja na kuandika. Urefu wa chuma kwenye safu moja ya daftari, hezi kwenye safu ya pili. Vyuma virefu, namba ndogo. Vifupi, namba kubwa. Kisha wakagundua kwamba mlio wa chuma kimoja ulikaribia sana kuwa mara moja na nusu ya mwingine. Wataalamu wa muziki wamekwisha kuandika kwamba sauti za Wagogo, katika kuimba na katika ala zao, zimepangwa kwa kufuata sauti zile zinazozaliwa kwa hesabu kamili ndani ya mlio mmoja: mara nne, mara tano, mara sita na kuendelea. Mara sita ukigawanya kwa mara nne ni moja na nusu. Babu yule hakupita darasani, ila sikio lake lilikuwa limegawanya sawasawa. Nilimwomba mtoto ampelekee babu salamu na ile karatasi ya namba. Nasikia ameibandika ukutani.

Darasa hilo lilikuwa na kijana mwenye uoni hafifu. Kwa miaka miwili tulimkalisha mbele na kuamini tumemsaidia. Siku ya ilimba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema chuma kipi kimelegea, kabla ya kifaa. Simu nyingi za Android zina kisomaji cha sauti kiitwacho TalkBack ndani yake, bure, kinachosoma namba zilizo kwenye kioo. Kiwashe. Sikujua kipo hadi nilipokuwa na mtu wa kumwashia, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwa biolojia nitapita haraka. Zile tochi za leza za watoto zinazouzwa sokoni zina kilenzi kidogo sana mbele. Kitoe, kibandike kwa plasta juu ya kamera ya simu, sogeza kitu hadi milimita chache. Ngozi nyembamba ya kitunguu, ikimulikwa kwa nyuma, inaonyesha seli zake. Lakini kilichowashika watoto wetu ni fukusi wa kwenye mtama, kwa sababu fukusi wanamjua, anawalia chakula nyumbani. Leza yenyewe usiwaachie, inaharibu macho.

Na kemia haihitaji hata simu kuanza. Chemsha rosela, ambayo wengine wanaiita choya, ugawe maji yake mekundu kwenye vikombe. Kamulia ndimu kimoja, weka magadi kingine, maji ya majivu kingine, waone rangi inavyobadilika kwa asidi na kwa besi. Simu iingie mwishoni, ipige picha za rangi zote kwenye mwanga mmoja ili mkondo mwingine wakija kesho walinganishe na zao.

Sasa lugha. Mtoto wetu amesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na wengine hicho Kiswahili walikikuta shuleni wakitoka kwenye Kigogo au Kisandawe. Kidato cha kwanza tunamgeuzia kila kitu kuwa Kiingereza. Kifaa ukikiweka juu ya tatizo hilo bila kulishughulikia, umempa kitu cha pili cha kuogopa. Mimi nilifanya hivi: wakati wa kupima na kubishana, Kiswahili, na Kigogo kikiwatoka kisizuiliwe. Baada ya namba kupatikana, tunatafuta maneno ya mtihani kwa pamoja na kuyaandika pembeni ya maneno yetu. Mtihani ni wa Kiingereza, siwezi kuwadanganya kuhusu hilo. Ila neno linalokuja baada ya mtoto kukishika kitu chenyewe linakaa.

Angalia pia nani anashika kifaa. Usipoweka utaratibu, wavulana watatu waliowahi kugusa simu nyumbani watakishika muhula mzima, na mtoto ambaye kwao hakuna hata kitochi, simu ndogo ya vitufe, atabaki nyuma akichungulia. Kwangu aliyewahi kumiliki simu hashiki mpaka asiyewahi ashike. Kundi la watu wanane: mmoja anashika, mmoja anasoma namba, mmoja anaandika, wawili wanapima, waliobaki wanakagua, na mnazunguka. Wasichana wanaoteka maji asubuhi huchelewa vipindi vya kwanza. Ukiweka vipimo kipindi cha kwanza kila wiki, umewatoa bila kujua. Na usiweke vipindi vya mwisho kati ya Januari na Machi, kabla ya mavuno, watoto wakiwa hawajala. Katikati ya asubuhi ndiyo saa nzuri.

Wazazi waambie mapema. Wanajua mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, na wakisikia mtoto wao ameshika kishikwambi watakuja na bakora. Mimi nilimwomba mkuu wa shule dakika ishirini kwenye kikao cha wazazi, nikawagongesha vibao akina mama wawili na kuwaonyesha kasi ya sauti imetoka. Toka siku hiyo waliotulinda ni wao. Vifaa viandikwe kwenye daftari, vitoke na kurudi kwa saini.

Chaji isikutishe. Tofauti na projekta inayotaka wati mia mbili na zaidi, kishikwambi kinakula kidogo tu, na pawabenki moja iliyojaa inakivusha siku mbili tatu. Vumbi ndilo adui mkubwa: mfuko wa plastiki laini, mpira wa pesa mdomoni, na kioo bado kinagusika. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao yao, vitafute siku unayokuwa na mtandao mzuri.

Yule msichana wa 330 alirudi kwangu mwezi wa tisa. Nyuma ya shule kuna kilima cha mawe, na ukigonga vibao asubuhi tulivu mwangwi unarudi. Aliuliza kama tunaweza kujua umbali wa lile jiwe bila kwenda. Hatukutumia hata kishikwambi. Tulichukua kitochi cha mlinzi chenye saa. Aligonga, akawa anagonga tena kila mwangwi ulipofika, mpaka mizunguko kumi ikatimia kwa sekunde 9. Sekunde 0.9 kwenda na kurudi. Mita 345 mara 0.9, gawanya kwa mbili, ni kama mita 155. Nikawaambia haya, nendeni mkahesabu hatua. Waliondoka wote wakipita kwenye mabua ya mtama uliovunwa, wakihesabu kwa sauti, na waliporudi walikuwa wanabishana: mmoja kapata hatua 212, mwingine 219, na yeye alikuwa ameshachuchumaa chini akipima hatua yake kwa futi.